Kipimo cha mwanga na saratani ya matiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Huku Lamu, kina mama wakizungumzia saratani ya matiti siku hizi, hutaja kipimo cha mwanga, yaani titi kumulikwa kwa mwanga maalumu: hakibani titi, hakina mionzi ya eksrei, basi bora tukingoje hicho. Sifa hizo ni za kweli. Kungoja ndiko kunakonitia hofu.

Anayedhani mwanga huionyesha saratani yenyewe na ajaribu jambo moja usiku. Washa tochi ya simu, uifunike kwa ncha ya kidole. Kidole kitang'aa chekundu, lakini mfupa hutauona. Damu humeza rangi nyingine na kuuachia mwekundu upite. Mfupa haupambanuki kwa kuwa mwanga ukishaingia mwilini hutawanyika kila upande. Vipimo hivi hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hadi 950 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), unaopenya nyama vizuri zaidi, kisha kompyuta hukadiria wingi wa damu na oksijeni iliyomo. Uvimbe wa saratani huota mishipa mingi ya damu, ndiyo maana hushukiwa. Ila hata jipu hujaza damu, na kivimbe kidogo hupotea kwenye picha yenye ukungu. Daktari Max Cutler wa Marekani aliandika kuhusu kumulika matiti kwa taa mwaka 1929. Mpaka leo njia hii haijachukua nafasi ya mamogramu, yaani picha ya eksrei ya matiti.

Picha za joto la mwili nazo zisikudanganye. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imeonya zisitumike badala ya mamogramu.

Eti mamogramu ndiyo huleta saratani? Eksrei yake ni ndogo mno, na kwa mwanamke aliyefika umri wa kupimwa, faida huizidi hatari. Kwa wasichana, ambao nyama ya matiti yao huwa imeshikamana sana, ultrasaundi (kipimo cha mawimbi ya sauti) hufaa zaidi.

Halafu kuna hili la "saratani haitaki chuma", yaani eti ikiguswa kwa sindano au kisu huenea. Hili linatuulia dada zetu. Sindano ya biopsi huchukua kinyama kikapimwe maabara, na hapo ndipo saratani huthibitishwa; sindano haiichochei ikaenea. Wengi wanaozidiwa baada ya kuchomwa walifika wamechelewa.

Ukipapasa ukakuta kivimbe, hata kama hakiumi, au chuchu imeingia ndani, nenda hospitali ya King Fahd wiki hiyo hiyo. Wakikuandikia rufaa ya Mombasa, vuka Mokowe uende nayo.