Bawa la mbele likishuka mno

Wanaofuatilia Formula 1 huniuliza swali moja mara kwa mara: ikiwa bawa la mbele hukandamiza gari zaidi kadiri linavyokaribia lami, kwa nini timu zisilishushe mpaka libakize unywele tu? Kazi yangu ni kuchora na kupima mabawa haya, na sehemu kubwa ya miaka yangu imekwenda katika kulijibu swali hilo, milimita kwa milimita.

Bawa la gari la mbio ni la ndege lililopinduliwa: mgongo wake uliobinuka unatazama chini. Likiwa karibu na barabara, hewa hubanwa kati ya bawa na lami na kwenda mbio, kama maji ya bahari yanavyokimbia kwenye mlango mwembamba wakati wa kupwa. Hewa ikienda mbio presha yake hushuka, na bawa huvutwa chini. Nguvu hiyo naiita mkandamizo. Mwendo ukitoka kilomita 100 kwa saa hadi 200, mkandamizo huwa mara nne.

Shida huanza baada ya ule mlango. Hewa ikishapita pale penye kubana zaidi, inabidi ipunguze mwendo na presha yake ipande tena kabla ya kufika ukingo wa nyuma wa bawa. Yaani inapanda mlima. Na ule utando mwembamba wa hewa unaogusana na bawa umeshachoshwa na msuguano. Ukilishusha bawa zaidi, mlima unakuwa mkali zaidi, mpaka utando unashindwa na kubanduka. Zerihan na Zhang wa Chuo Kikuu cha Southampton walilipima jambo hili kwa bawa la kipande kimoja lililotokana na la gari la Formula 1 liitwalo Tyrrell 026, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Mkandamizo ulipanda mpaka nafasi kati ya bawa na ardhi ikabaki karibu sehemu moja ya kumi ya kipimo cha bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kwa bawa lao hiyo ilikuwa kama sentimita 2. Chini ya hapo ukaporomoka.

Kipimo hicho hakina maana kama ardhi imesimama. Barabarani gari ndilo linalokwenda. Lami na hewa vimetulia. Ndani ya handaki la upepo, ambamo gari husimama na upepo hupulizwa kulipita, ni kinyume, kwa hiyo sakafu lazima iwe mkanda unaokimbia kwa mwendo uleule wa upepo. Nikiwa mgeni katika kazi hii niliwahi kuendesha hesabu za kompyuta kwa siku kadhaa huku nimesahau kuiamuru ardhi isogee. Hewa ikajikusanya sakafuni, ikaziba njia chini ya bawa, na kila namba niliyoipata ikawa ya kutupa. Tangu siku hiyo ndicho kitu cha kwanza ninachokikagua.

Sasa, mlima huo unapunguzwaje? Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Dan Gurney, dereva wa mbio wa Marekani, ya mwaka 1971: kibanzi chembamba kilichosimamishwa wima kwenye ukingo wa nyuma, upande wa juu. Kinaonekana kama kizuizi tu, lakini nyuma yake presha hushuka, kwa hiyo hewa ya chini haidaiwi kupanda mpaka juu kabisa. Kwa urefu wa milimita chache, mkandamizo unaongezeka waziwazi. Ukinzani wa hewa nao huongezeka, lakini mara nyingi bei hiyo inalipika. Njia nyingine ni kuligawa bawa katika vipande na kuacha upenyo kati yao. Kipande cha nyuma huivuta hewa ya kile cha mbele, na ile inayopita kwenye upenyo huanza na utando mpya usiochoka.

Pembeni kuna hadithi yake. Hewa ya juu yenye presha kubwa hutaka kuzunguka ncha za bawa iingie chini. Vibao vya pembeni huizuia, lakini ile inayopenya chini ya vibao hujisokota na kuwa kinyamkera kidogo. Kinyamkera hicho ni rafiki: kiini chake kina presha ndogo, nacho huongeza mvuto kwenye ncha. Bawa likishuka mno, kinasambaratika, na sehemu ya mkandamizo inaondoka nacho.

Ndiyo maana siwindi namba kubwa kabisa. Dereva anapofika kwenye kona ya kwanza ya Monza, uwanja wa mbio wa Italia, kwa zaidi ya kilomita 330 kwa saa na kukanyaga breki, pua ya gari huinama na bawa hushuka ghafla. Kama urefu wake wa kawaida kutoka ardhini uko karibu na kilele, yaani pale mkandamizo unapokuwa mkubwa kabisa, kuinama huko kunalivusha kilele hicho, na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko wakati yanauhitaji kuliko wakati wowote. Likiwa juu mno napo, mkandamizo wa mbele huongezeka kwa ghafla na nyuma ya gari hulegea. Kwa hiyo kila umbo naliendesha kwa urefu kumi au zaidi, nikilishusha kidogo kidogo, kisha natazama mstari wa mkandamizo wake kwenye grafu. Mabawa mawili yakinifikia mezani, moja likiwa na kilele kirefu chenye ncha kali na jingine kilele kifupi chenye mteremko wa pole, nachukua la pili. Wahandisi wanaokaa na dereva baada ya mazoezi hawajawahi kuniomba nilibadilishe.