Kusikiliza kwa mguso: kanuni ya taichi katika kujihami

Kusikiliza kwa mguso ni uwezo wa kutambua, kupitia sehemu ya mwili inayogusana na mpinzani, nguvu yake inatokea wapi, inaelekea wapi na inakaribia kuisha lini, hata kabla jicho halijaona chochote. Walimu wa Kichina huuita ting jin, na upande wa mapigano wa taichi, sanaa ya kujihami ya Kichina, umejengwa juu yake. Mtu aliyekariri mikao yote bila kuupata uwezo huu amejipatia mazoezi mazuri ya afya, lakini bado hajajifunza kujihami.

Wengi hulisahau jambo hili kwa sababu taichi wanayoifahamu ni ile ya mwendo wa polepole bustanini. Asili yake ni ya kivita. Ilikuzwa na ukoo wa Chen katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, na katika karne ya 19 Yang Luchan, aliyejifunzia kijijini hapo, aliipeleka Beijing na kuwafundisha hata walinzi wa utawala wa kifalme wa Qing. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitoa mfuatano mfupi wa mikao 24 kwa ajili ya umma, na sura hiyo ya afya ndiyo iliyoenea zaidi duniani.

Sharti la kwanza la kusikiliza ni kulegeza misuli. Mkono uliokakamaa hauhisi mabadiliko madogo, na zaidi ya hayo humpa mpinzani mahali pa kushika: akiusukuma, mwili mzima unakwenda nao. Hata hivyo, kulegeza hakumaanishi kulegea ovyo. Kigasha kinabaki na umbo la duara lisilobonyea, kama mpira uliojazwa upepo, na uzito wa anayesukuma unashuka kupitia mgongo na nyonga hadi kwenye wayo wa nyuma. Hali hiyo huitwa peng, na ikikosekana mbinu nyingine zote hazina pa kusimamia.

Tuchukue mshambuliaji anayekuja kukusukuma kifuani kwa mikono miwili. Wengi wetu tungeegemea mbele na kumsukuma pia, na hapo mwenye uzito mkubwa angeshinda. Anayefuata kanuni hii huinua kigasha na kukipokelea msukumo kabla mikono ya mwenzake haijanyooka, kisha anageuza kiuno kidogo tu, bila kurudi nyuma. Nguvu iliyokuwa ikitafuta kifua inakosa pa kutua na inaendelea na safari yake, huku visigino vya mshambuliaji vikianza kuinuka. Hapo atafanya moja kati ya mawili: ataendelea kuanguka mbele, au atajivuta nyuma ili asimame sawasawa. Akienda mbele, unamshika kiwiko na kumwongezea mwendo kuelekea kule kule anakokwenda. Akijivuta, unamfuata bila kumwachia na kumsukuma wakati uzito wake tayari unarudi nyuma. Jibu haliwezi kupangwa mapema, kwa kuwa analichagua yeye mwenyewe kwa mwili wake, na mkono wako ndio unaopata habari kwanza.

Uwezo huu hufundishwa kwa zoezi la watu wawili liitwalo tui shou, ambapo vigasha hugusana na kila mmoja hutafuta kumtoa mwenzake kwenye mizani. Hapa ndipo shule nyingi zinapokosea, na kosa hili ni zito: mwenza hujiangusha kwa heshima ya mwalimu, na mwanafunzi huamini kuwa amemwangusha. Mwezi Aprili 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko Xu Xiaodong alimshinda mwalimu wa taichi Wei Lei kwa makonde katika muda wa sekunde kama 10. Wako waliohitimisha kwamba taichi nzima ni uongo. Ninavyoona mimi, kanuni yoyote isiyozoezwa dhidi ya mtu anayekataa kweli kuangushwa itavunjika vivyo hivyo siku ya kwanza ya kujaribiwa.

Tukio kama hilo linaonyesha pia mpaka wa dhana yenyewe. Kusikiliza kwa mguso kunahitaji mguso, na mpiga ngumi hauachi mkono wake mbele yako ili uusikilize. Kwa hiyo anayetaka kuitumia taichi katika mapigano ni lazima ajifunze kukinga kichwa na kuziba umbali, kisha agandame kwenye kiwiko au bega la mpinzani, kwa kuwa kiwiko husafiri masafa mafupi kuliko ngumi na hivyo ni rahisi kufuatwa. Akishafika hapo, viwiko na mabega yake mwenyewe huwa silaha, kwani hata mapigo hayo yamo ndani ya taichi. Katika kujihami kwa kawaida kazi hiyo hupungua, maana anayekukaba shingo, kukushika kola au kukusukuma ukutani amekwisha kuuziba umbali mwenyewe. Ukimpoteza mizani, zile sekunde mbili anazohitaji kusimama tena ni za kuondokea, na mwenye kisu hukimbiwa tangu anapoonekana kwa mbali.