Kinanda kwa stereo: kazi iko kwenye nyaya

Nyimbo nyingi za kwaya ninazoletewa kuchanganya zina kinanda kilichorekodiwa kwa waya mmoja, kisha treki hiyo, yaani mstari wa sauti iliyorekodiwa, ikanakiliwa: moja kushoto, nyingine kulia. Hiyo si stereo, yaani sauti mbili tofauti, ya kushoto na ya kulia. Sauti ileile ikitoka pande zote mbili, sikio huisikia katikati, imeongezeka nguvu tu. Stereo ya kinanda hutengenezwa ndani ya kinanda chenyewe: noti nzito za piano huegemea kushoto na nyembamba kulia, fidla hutandazwa, ogani huzunguka huku na huku. Usipoichukua pale inapotoka, baadaye utaigiza tu.

Tazama nyuma ya kinanda. Roland na Korg huandika L/MONO na R (L ni kushoto, R ni kulia, mono ni sauti moja isiyo na pande), Yamaha huandika L/L+R na R. Chomeka nyaya mbili za jeki kubwa, zile za milimita 6.35, uziingize kwenye chaneli mbili zinazofuatana za rekoda, kwa mfano 3 kwa kushoto na 4 kwa kulia, maana rekoda nyingi huunganisha stereo kwa jozi za namna hiyo. Kwenye rekoda ya Zoom R16 naiacha chaneli ya 1, kwa sababu ina swichi ya gitaa, na ikisahaulika imewashwa pande mbili hazitalingana. Zima pia umeme wa volti 48 wa maikrofoni.

Vinanda vidogo, kama vingi vya Yamaha PSR-E, vina tundu la hedifoni tu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Plagi ya hedifoni ina mikanda miwili myeusi. Ukitumia waya wenye plagi hiyo ncha zote mbili na kuuchomeka kwenye tundu moja la rekoda linalopokea mikanda miwili, rekoda hutoa upande wa kulia kutoka kwa wa kushoto. Kila kilichokaa katikati hufutika: besi inakwenda, kiki (ngoma kubwa ya mguu) inakwenda, unabaki na mwangwi na fidla zinazoelea. Mpiga kinanda atasema kinanda kimekufa, kumbe ni waya. Nunua waya wa Y: plagi moja ya mikanda miwili upande wa kinanda, mbili za mkanda mmoja upande wa rekoda.

Geini, yaani kiasi rekoda inavyokuza sauti inayoingia, lazima ilingane pande mbili, na alama za kwenye vifundo vyake haziaminiki. Weka sauti ya kinanda kama robo tatu, chagua seti ya ngoma, bonyeza kitufe cha kiki. Kwa kawaida kiki hukaa katikati kabisa, kwa hiyo mita zote mbili ziruke sawa, na kwenye hedifoni uisikie katikati ya kichwa. Ikiegemea upande, rekebisha geini mpaka irudi. Kisha mpiga kinanda apige kwa nguvu zake zote, vilele viishie karibu na desibeli -12 kwenye mita ya rekoda. Ukirekodi kwa biti 24 huna sababu ya kusukuma zaidi.

Pani, yaani mahali treki inapokaa kati ya kushoto na kulia, nayo ni muhimu: rekoda nyingine huisogeza yenyewe ukiunganisha jozi, nyingine hukuachia, na treki mbili zikibaki katikati umerekodi stereo ukaisikiliza mono. Kwenye kwaya mimi sifungui hadi mwisho. Nusu ya njia kila upande inatosha, sauti za waimbaji zipate nafasi.

Halafu sikiliza kwa mono, maana wimbo utapigwa kwenye simu na spika moja. Piano ya umeme yenye korasi nyingi (athari ya kinanda inayofanya sauti moja isikike kama nyingi) huweza kunyauka ghafla. Ikinyauka, punguza korasi kwenye kinanda kabla ya kurekodi. Ukiamua kurekodi mono, chomoa waya wa R utumie L/MONO peke yake, kinanda kichanganye chenyewe. Mono safi naipenda kuliko stereo inayopotea.

Ukikata kipande, kata treki zote mbili kwa pamoja. Moja ikichelewa hata milisekunde chache, kinanda chote huhamia upande uliotangulia.