Je, wajua kwa nini mawe ya Mwezini hufika darasani yakiwa yamezamishwa katika plastiki?

Nchini Marekani, mwalimu aliyepata mafunzo maalumu anaweza kuazima mawe halisi ya Mwezini kutoka NASA, shirika la anga za juu la nchi hiyo, akawaonyesha wanafunzi wake. Sampuli ni sita, tatu za mawe na tatu za udongo, nazo zimefungiwa ndani ya kisahani cha plastiki angavu chenye kipenyo cha sentimita 15 hivi.

Wengi hudhani plastiki hiyo huwakinga watoto na vijidudu. Dhana hii haikuzuka hivi hivi, kwani wanaanga wa Apollo 11 waliporejea Julai 1969 waliwekwa karantini, na utaratibu huo uliendelea hadi ulipoachwa kuanzia Apollo 15, mwaka 1971. Kufikia hapo panya walikuwa wamedungwa vumbi la Mwezini na mende wakalishwa (naam, mende), lakini hakuna kijidudu kilichopatikana. Kwa hiyo kinacholindwa darasani ni jiwe, lisipotee, lisikwaruzwe wala lisiguswe na viganja vyenye jasho.

Mwezini hakuna hewa ya kuvuta, na mawe yake ni makavu mno. Ndani yake mna punje za chuma tupu ambazo zimekaa zaidi ya miaka bilioni 3 bila kuonja unyevu kama wa hapa duniani. Chukua biskuti iliyoachwa wazi usiku kucha mjini Mombasa: kwa macho haijabadilika, ila imekwisha kunywa unyevu wa hewa, na anayeipima asubuhi hawezi kujua ni maji kiasi gani yalitoka nayo tanurini. Ndivyo ilivyotokea kwa jiwe namba 66095 la Apollo 16, lililokutwa na kutu. Wanasayansi wamebishana kwa miaka mingi kama kutu hiyo ilianzia Mwezini au ililetwa na unyevu wa duniani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kilo 382 zilizoletwa na safari za Apollo huhifadhiwa Houston, katika makabati yenye naitrojeni kavu.

Sampuli za kisahani hazitarajiwi kujibu swali gumu kama hilo, bali hutazamwa kwa lenzi. Inayovutia kuliko zote, kwa maoni yangu, ni udongo wa rangi ya chungwa ambao mwanaanga na mwanajiolojia Harrison Schmitt aliuona Mwezini Desemba 1972, kando ya shimo (kreta) liitwalo Shorty: ni vishanga vidogo mno vya kioo, vilivyorushwa na mlipuko wa volkeno.