Kompyuta ya zamani "haiwaki": jua imekwama ngazi gani kabla ya kununua kifaa

Mtu akimpelekea fundi kompyuta ya mezani ya mwaka 2011 au 2012, maelezo yake mara nyingi ni neno moja: haiwaki. Neno hilo linabeba magonjwa yasiyopungua manne. Kuna isiyowasha hata taa. Kuna inayozungusha feni huku kioo kikibaki cheusi. Kuna inayoonyesha nembo ya mtengenezaji kisha ikaganda hapohapo, na kuna inayofanya kazi vizuri kwa dakika kumi halafu ikajizima. Mengi kati ya hayo hayana uhusiano na mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), ingawa "mazabodi imekufa" ndiyo hukumu inayotolewa haraka kuliko zote.

Kompyuta huamka kwa ngazi. Umeme wa ukutani unaingia kwenye pawa saplai (kisanduku kinachoubadili kuwa volti ndogo), pawa saplai inalisha mazabodi, prosesa inaamka na kuikagua RAM (kumbukumbu ya muda), picha inatokea, kisha diski inatafutwa ili mfumo endeshi, kama Windows au Linux, upakiwe. Ngazi moja ikivunjika, za juu yake hazifikiwi. Anza basi kwa kujiuliza imefika ngazi ya ngapi. Mfano wetu hapa utakuwa HP Compaq 8200 Elite, aina ya mwaka 2011 ambayo bado utaikuta kwenye maduka ya mtumba, lakini sehemu kubwa ya hatua hizi inafaa kompyuta yoyote ya rika hilo. Wengi huliita kasha zima "sipiyu"; hapa tutasema kasha, na prosesa ibaki kuwa ile chipu iliyo chini ya feni.

Kabla ya kufungua kasha, chomoa plagi ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha mahali pasipo na rangi kabla hujashika chochote ndani. Vifaa vya kuwa navyo ni bisibisi ya nyota, brashi laini ya kupakia rangi, raba nyeupe ya kufutia penseli, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na multimita ya kawaida ya kidijitali. Na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Anayechomoa vitano kwa mpigo hupona bila kujua alikuwa anaumwa nini.

Hakuna taa, hakuna feni

Anzia nje. Chomeka taa ya mezani kwenye soketi ileile uone kama inawaka. Waya wa umeme wa kompyuta jaribu kuubadilisha na ule wa monita, maana mara nyingi ni wa aina moja. Nyuma ya pawa saplai tazama swichi ya I na O, isije ikawa ilizimwa wakati wa kufagia. Nyingine zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo hicho kisiguswe kamwe: kikiwekwa 115 pawa saplai inapasuka kwa kishindo papo hapo, na watoto hukipenda.

Sasa multimita. Iweke kwenye DC 20. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani lakini haijawashwa, gusa waya mweusi kwa ncha nyeusi, na ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi ya pini 24 inayotoka pawa saplai kwenda mazabodi, pale unapoingia waya wa zambarau. Huo ndio umeme wa kusubiri, unaokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Usome volti 5. Kati ya 4.75 na 5.25 hakuna tatizo. Ukisoma sifuri, chomoa plagi hiyo kwenye mazabodi na upime tena. Ukirudi 5, pawa saplai ni nzima na kuna shoti upande wa pili. Chunguza kwanza midomo ya USB ya mbele, ambayo pini zake hupinda na kugusana kwa sababu ya flashi zilizochomekwa kwa nguvu.

Kama zambarau ni 5 lakini kitufe hakifanyi kitu, mshuku kitufe chenyewe. Chomoa waya wake mwembamba kwenye mazabodi, zikutanishe zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, ulikuwa karibu kununua pawa saplai kwa ajili ya swichi.

Kipimo maarufu cha kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, pawa saplai ikiwa imechomolewa kwenye kompyuta, ni kizuri, ila watu hukiamini kupita kiasi. Feni ikigeuka umejua tu kwamba inaamka. Hujajua kama inabeba mzigo. Mzigo unapimwa kompyuta ikiwa inafanya kazi: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Njano ikishuka chini ya 11.4 pale kompyuta inapowaka, umempata mkosaji. Fahamu pia kwamba baadhi ya Dell na HP zilizofuata, kuanzia kama 2013, zina plagi za pini 6 au 8 tu za volti 12, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta yake.

Ipo dalili moja inayopuuzwa sana. Asubuhi kompyuta inagoma, unaibonyeza mara tatu au nne, ikishawaka inashinda salama hadi jioni. Kila wiki idadi ya kubonyeza inaongezeka. Hizo ni kapasita (vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji) za pawa saplai, wakati mwingine za mazabodi. Ndani yake kuna kimiminika kinachokauka kwa miaka na joto. Zikiwa baridi hushindwa kazi, zikipata joto hujikongoja. Badilisha pawa saplai wakati bado inawaka. Usiifungue kuitengeneza nyumbani, kwa sababu kapasita yake kubwa hubeba volti zaidi ya 300 na chaji hiyo inaweza kubaki baada ya kuchomoa. Hata kama unachonusa ndani yake ni mjusi aliyeungua, mwachie fundi.

Kapasita za mazabodi unaweza kuzikagua kwa macho. Kichwa kiwe bapa kabisa. Kikivimba, au kukiwa na ukoko wa kahawia juu au chini, imekufa. Kompyuta za miaka ya mwanzo ya 2000 zinajulikana kwa hilo, Dell OptiPlex GX270 ikiwa mfano mashuhuri. Fundi akizibadilisha, mwambie ujazo uwe uleule, volti ziwe zilezile au zaidi, na daraja la joto liwe 105°C.

Na kasha linalotekenya mkono ukiligusa? Hapo soketi haina ethi. Kichujio ndani ya pawa saplai kimeunganishwa na chuma cha kasha, na kisipopata njia ya kwenda ardhini, kasha huelea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno, lakini unatosha kuunguza mdomo wa HDMI au USB wakati wa kuchomeka. Muite fundi umeme wa nyumba kabla ya fundi kompyuta.

Feni zinazunguka, kioo cheusi

Hakikisha kwanza waya wa monita umechomekwa mahali sahihi. Kompyuta yenye kadi ya picha ya ziada kwa kawaida hutoa picha kwenye kadi hiyo tu. Ukichomeka kwenye mdomo wa mazabodi utakaa na giza.

Kisha tazama kitufe cha kuwasha. Kwenye 8200 Elite taa yake hugeuka nyekundu na kupepesa mara moja kila sekunde, ikatulia sekunde mbili, ikarudia. Hesabu mipepeso: 2 ni joto la prosesa, 3 ni prosesa kutokuwepo, 4 ni umeme, 5 ni RAM, 6 ni picha, 7 ni mazabodi. Mlio unaoandamana nayo hukoma baada ya mizunguko mitano, taa huendelea, kwa hiyo ukichelewa kusikiliza bado unaweza kuhesabu kwa macho. Kila mtengenezaji ana hesabu yake. Jedwali la Dell halisomi HP.

Mipepeso mitano haimaanishi RAM imekufa. Mara nyingi imeshika uchafu, hasa Pwani. Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, unyevu na chumvi ya bahari huweka utando kwenye meno ya dhahabu ya kijiti cha RAM. Kitoe kwa kusukuma vile vikamatio vya pembeni. Sugua meno kwa raba nyeupe, taratibu, bila kugandamiza, maana dhahabu yenyewe ni nyembamba mno. Pangusa mabaki kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti, ngoja kijiti kikauke. Sloti ifagie kwa brashi. Rudisha kijiti kimoja tu na ukigandamize pande zote mbili mpaka vikamatio vifunge kwa "klik". Ikigoma, jaribu sloti nyingine, kisha kijiti kingine.

Upo mtego mzuri wa kuthibitisha. Toa RAM yote, washa. Kompyuta isiyo na hitilafu hapo lazima ilalamike kwa mlio au taa. Ikinyamaza kimya, prosesa haijafika hata kwenye kuikagua RAM, kwa hiyo rudi kwenye umeme au mshuku prosesa na mazabodi. Hili ndilo jaribio la bure lenye majibu mengi kuliko yote.

Ikiwaka lakini inaganda ovyo au kutoa kioo cha bluu, weka Memtest86+, programu ya kukagua RAM, kwenye flashi na uiache ikague usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa. RAM haina "makosa machache". Ukinunua nyingine, 8200 inatumia DDR3 ya pini 240, volti 1.5. Pengo la katikati la DDR2 na DDR4 liko pahali tofauti, hivyo isipoingia usilazimishe.

Betri ndogo ya CR2032, ile ya mazabodi inayotunza saa, haihitaji maneno mengi. Saa ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, na kivinjari kikisema tovuti za benki si salama, ni yenyewe: tarehe ikikosewa, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana batili. Mpya husoma volti 3 na kidogo. Chini ya 2.8 badilisha. Ile ya zamani iweke mbali na watoto, kwani ikimezwa inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili.

Inaonyesha nembo, kisha inakwama

Hapa ni diski, na hapa haraka inaleta hasara, maana RAM inanunuliwa lakini picha za marehemu bibi hazinunuliwi.

Diski ikigonga, tak, tak, tak, zima mara moja. Vichwa vyake vinashindwa kupata njia, na kila sekunde inayoongezeka vinaweza kukwangua sahani. Usiiweke kwenye friza kama wengine wanavyoshauri. Ikitoka inapata umande ndani.

Isipogonga, ichomeke kwenye kompyuta nyingine inayowaka, usome ripoti yake ya afya, SMART, kwa programu ya CrystalDiskInfo. Safu ya mwisho ya tarakimu huandikwa kwa mfumo wenye herufi A hadi F, usishtuke. Tazama tu kama ni sifuri tupu. Mstari wa 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni zinazosubiri hukumu, C6 ni zilizoshindikana kusomeka. C5 ikianza kupanda, hamisha mafaili leo. C7 ni habari nyingine: inahesabu makosa ya njiani, kwa hiyo badilisha waya wa SATA kabla ya kulaumu diski. Ukinunua diski ya mtumba, angalia pia saa ilizofanya kazi. Saa 43,800 ni miaka mitano bila kuzimwa, usiku na mchana.

Usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kabla ya kunakili. Amri hiyo husoma diski nzima toka mwanzo hadi mwisho, na diski mahututi inaweza kufia humo. Nakili nyaraka na picha kwanza, filamu baadaye. Kwa diski inayosuasua sana, programu ya ddrescue ya Linux huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi, yenye shida huyaacha mwisho, na ukiipa faili la kuweka kumbukumbu, umeme ukikatika katikati utaendelea pale ulipoishia.

Baada ya hapo weka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5, hata ya GB 240. Hakuna matengenezo mengine yanayofufua kompyuta ya rika hili namna hiyo. Kumbuka tu kwamba usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na prosesa ya 8200 haimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo Linux ni chaguo la kufikiria.

Inajizima baada ya dakika kumi

Joto. Fagia au puliza vumbi katikati ya mapezi ya kipoza joto, feni ukiwa umeishikilia kwa kidole isizunguke, kwani upepo mkali wa blowa unaweza kuharibu beringi zake. Kama pesti chini ya kipoza joto imekauka na kuwa kama chokaa, ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, kaza skrubu kwa mtindo wa msalaba. Kwenye kompyuta zenye prosesa za AMD za aina ya AM2 na AM3, endesha kompyuta dakika chache kabla ili pesti ilainike, izime na kuichomoa, kisha zungusha kipoza joto kidogo kabla ya kukivuta. La sivyo prosesa hung'oka pamoja nacho, na pini zake hupinda.

Kama bado imegoma, toa diski ubaki nayo nyumbani, ndipo upeleke kasha kwa fundi. Mpe kikaratasi: ngazi iliyokwama, idadi ya mipepeso, volti za zambarau na njano, na kijiti kipi cha RAM umejaribu katika sloti ipi.