Moyo wa kwenye skrini na moyo wa buchani: kusoma anatomia na fiziolojia mtandaoni

Kila mwaka wanafunzi wangu wapya huwa nawapa jaribio lisilohitaji karatasi. Namkabidhi mmoja moyo wa mbuzi ulionunuliwa buchani asubuhi ile, kisha namwambia: nionyeshe upande wa kushoto. Aliyesoma kwenye skrini peke yake huugeuza, akaugeuza tena, akitafuta nyekundu na buluu za kwenye picha. Hazipo. Moyo wote una rangi ya nyama, na mafuta yameuzunguka juu. Aliyezoea jiko huubonyeza tu. Upande mgumu ndio wa kushoto, kwa sababu ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ni mnene takriban mara tatu ya ule wa kulia. Wa kushoto unasukuma damu mwili mzima. Wa kulia unaifikisha mapafuni tu, hapo jirani.

Sisemi haya kuwakatisha tamaa wanaosoma mtandaoni. Wamo wauguzi wanaojiendeleza huku wakishika zamu, na wamo ndugu zetu walioko Marekani, ambako shule nyingi za uuguzi humtaka mwombaji awe amemaliza kwanza anatomia (sehemu za mwili na maumbo yake) na fiziolojia (jinsi sehemu hizo zinavyofanya kazi), kwa kawaida mihula miwili pamoja na maabara. Masomo haya mawili huuzwa kama pacha, lakini hayaivumilii skrini sawasawa.

Fiziolojia inaivumilia vizuri. Inauliza kwa nini, na kwa kiasi gani. Kalamu na daftari vinatosha. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Tuseme ni 70. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa kiasi cha mililita 70 za damu kwa pigo moja. Zidisha: karibu lita 5 kwa dakika. Mtu mzima ana damu kiasi hichohicho, yaani yote imezunguka ndani ya dakika moja hivi. Kwa saa ni lita 300. Hesabu ya namna hii ndiyo iliyompa nguvu daktari Mwingereza William Harvey mwaka 1628, alipopinga imani kwamba damu hutengenezwa kutokana na chakula, ikatumika ikaisha. Chakula gani kingetoa lita hizo zote?

Fanya vivyo hivyo kwa mafigo. Yanachuja takriban lita 180 kwa siku, na mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Kabla hujafungua video yoyote, jiulize lita nyingine zimekwenda wapi. Mwanafunzi aliyesumbuliwa na swali hilo usiku kucha huelewa nefroni, vichujio vidogo vilivyomo ndani ya figo, kwa urahisi. Aliyekariri majina ya sehemu zake huyasahau wiki ya pili baada ya mtihani.

Anatomia ndiyo inayoteseka. Picha za mtandaoni ni safi mno. Zimezoesha watu kwamba nyekundu ni ateri na buluu ni vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, kisha inakuja ateri ya mapafu, imepakwa buluu, na darasa zima linayumba. Rangi ile inaonyesha damu yenye oksijeni kidogo. Kinachoifanya ateri iwe ateri ni kuondoka na damu moyoni. Kosa jingine ni la upande: kushoto, katika anatomia, ni kushoto kwa mwenye mwili, si kwako unayemtazama.

Dawa yake haina gharama kubwa. Nunua figo, ulipasue kwa urefu. Nawashauri lile la mbuzi au kondoo, maana kwa nje ni laini kama letu. La ng'ombe lina mabonge mabonge. La nguruwe ndilo linalotukaribia zaidi ndani na nje, ila najua si kila nyumba litakaribishwa. Chora ulichokiona, hata kama mchoro wako ni wa kuchekesha, kisha ndipo ufungue picha ya kitabuni ulinganishe. Osha kisu kabla hakijarudi kwenye kachumbari.

Lugha nayo inatutega. Sisi tuna neno mshipa, na tunalibebesha kila kitu: ateri, vena, neva, kano, hata ngiri. Mgonjwa akisema "mshipa unaniuma", anaweza kuwa anazungumzia lolote kati ya hayo. Anayesoma kozi kwa Kiingereza na kufikiri kwa Kiswahili inabidi atengeneze daftari lake la majina, akiyatenganisha moja moja. Ni kazi ya jioni chache, nami sijaona programu ya simu inayoifanya vizuri.

Kuhusu kitabu, usikimbilie kununua. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Texas, unatoa bure kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia cha ngazi ya shahada ya kwanza. Toleo la pili lilitoka mwaka 2022. Kipakue mara moja ukiwa mahali penye intaneti nzuri, usome bila bando.

Karo ni habari nyingine. Kozi nyingi za mtandaoni zina maabara ya kubofya: unaburuta jina, unaliweka juu ya mfupa, unapata alama. Kuna vyuo vinavyoikubali maabara hiyo na kuna visivyoikubali, na vingine hukataa kozi iliyosomwa miaka mingi nyuma. Kwa Tanzania, tuzo za vyuo vya nje hutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na kwa Kenya suala hilo limekuwa mikononi mwa CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya huko. Usajili wa kufanya kazi una mabaraza yake ya taaluma. Basi kabla ya kulipa, andikia chuo unachotaka kuingia baadaye, si kile kinachokuuzia kozi, uulize swali moja: maabara hii mnaihesabu? Jibu la simu halitoshi. Subiri lije kwa barua pepe, ulihifadhi.