Je, wajua kwanini slaidi ya kwanza inapendeza kwenye laptop halafu ikifika ukutani inapotea?

Ingia ukumbi wowote wa semina asubuhi kabla mambo hayajaanza. Mapazia wazi, taa zote zinawaka, watu wanatafuta viti na wengine bado wako kwenye chai, na kule mbele ukutani kuna mstatili wa kijivu ambao ukiukodolea macho unagundua kumbe una maandishi. Hiyo ndo slaidi ya kwanza. Kwenye laptop ya mwenyewe ni nyeusi tii, kichwa cha mada kimekaa katikati kwa kijivu cha kistaarabu, nyuma kuna picha ya mji usiku, yaani ukiiona unasema huyu mtu yuko siriasi. Ukutani haipo. Na karibu kila mtu atakuambia sababu ni ile ile: projekta mbovu, taa yake imechoka, fundi aitwe.

Fundi akija hakuti kitu. Projekta inafanya kazi yake vizuri tu, ila imeombwa jambo ambalo hakuna projekta inayoliweza, nalo ni kurusha rangi nyeusi.

Projekta ni taa. Inaongeza mwanga ukutani, basi, haina namna ya kuupunguza ule uliokuwepo. Sehemu ya slaidi iliyo nyeusi kwake ni maagizo ya "hapa usitume kitu", kwa hiyo kinachoonekana hapo ni ukuta wenyewe kama ulivyo, pamoja na mwanga wa taa za ukumbi na dirisha la pembeni. Nyeusi yako ni ukuta mweupe. Na hapa kuna kitu cha ajabu ambacho unaweza kukijaribu mwenyewe: angalia ukuta kabla projekta haijawashwa, unauona mweupe, sawa? Sasa washa slaidi nyeupe yenye herufi nyeusi nzito. Zile herufi utaapa ni nyeusi, na wakati sehemu hiyo ya ukuta haijapungukiwa mwanga hata chembe, tena imeongezewa kidogo kwa sababu projekta huwa zinavuja. Jicho halipimi mwanga kama mita ya umeme, linalinganisha jirani na jirani, na yule mwenye mwanga mdogo ndo anaitwa mweusi.

Kwa hiyo swali lote ni la uwiano, weupe ni mara ngapi ya weusi. Tuchukue projekta ya lumeni 3000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa), ambayo ni ya kawaida kabisa, irushe picha ya upana wa mita 2 na urefu wa mita 1.5, hiyo ni mita 3 za mraba, kila mita inapata lumeni 1000, au kwa lugha ya wapima mwanga laksi 1000. Ukumbi wenye taa zinazotosha kusoma na kuandika tuseme unatupa laksi 500 kwenye huo ukuta. Sehemu nyeupe ya slaidi itakuwa na 1500, sehemu nyeusi itakuwa na 500. Mara tatu tu. Zima taa, funga mapazia, ibaki laksi 10, hapo nyeupe ni 1010 na nyeusi ni 10, mara mia na moja. Projekta ile ile, slaidi ile ile.

Ukiona hesabu hii inasumbua fikiria umri. Mtoto wa mwaka 1 na kaka yake wa miaka 3, mmoja kamzidi mwenzake mara tatu na mtaa mzima unaona nani mkubwa. Waongezee wote miaka 30, sasa wana 31 na 33, tofauti ni miaka miwili ile ile lakini mgeni akija hajui amsalimie nani kwanza. Mwanga wa ukumbi ndo hiyo miaka 30. Unaongezwa sawasawa kwa kila kitu ukutani, hauibi mwanga wa projekta hata kidogo, ila unafuta umuhimu wa tofauti, na wanaoumia zaidi ni wale ambao walikuwa wadogo tangu mwanzo, yaani rangi zote zinazokaa karibu na nyeusi: bluu ya usiku, kijivu cha makaa, maruni, vivuli vya picha.

Hapa inabidi tuwe waangalifu maana kuna watu wameshatoka na hitimisho kwamba nyeusi ni mbaya, nyeupe ni nzuri. Hesabu yenyewe haisemi hivyo. Herufi nyeupe kabisa juu ya nyeusi kabisa ni 1500 kwa 500, na herufi nyeusi juu ya nyeupe ni 1500 kwa 500, ngoma droo. Ni kweli zipo tafiti za usomaji kwenye skrini zinazoonyesha watu husoma vizuri kidogo maandishi meusi juu ya nyeupe, na maelezo yanayotolewa ni kwamba mwanga mwingi unaifanya mboni ya jicho isinyae na picha inakuwa kali zaidi, ila hizo zilipima watu mbele ya kompyuta, kuzibeba mpaka kwenye ukuta wa ukumbi ni kukisia.

Tatizo la slaidi nyeusi liko kwingine na mimi ndo naliona tamu kuliko yote. Chukua kijivu cha katikati, kile ambacho programu inakipa namba 128 kati ya 255, pale ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe. Unaweza kudhani ni nusu ya mwanga, kumbe ni kama asilimia 22 tu, kwa sababu namba za rangi kwenye kompyuta hazipandi sawasawa na mwanga, huku chini zinajazana na zina mwanga kiduchu. Sasa kuna kipimo cha W3C, wale wanaoweka viwango vya tovuti, kinachosema maandishi ya kawaida yanatakiwa yatofautiane na kinachoyazunguka kwa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu chetu juu ya nyeusi kinapata 5.3, kimefaulu. Kijivu hicho hicho juu ya nyeupe kinapata kama 3.9, kimefeli. Kwahiyo mtu aliyeko nyumbani na laptop yake ana kila sababu ya kuchagua nyeusi.

Peleka ukumbini kwetu kwa laksi 500. Kijivu kinapata 220 kutoka kwa projekta, jumlisha 500 ni 720. Juu ya nyeusi yenye 500 uwiano ni 1.44. Juu ya nyeupe yenye 1500 uwiano ni 2.1. Imegeuka! Aliyefaulu nyumbani ndo anaburuza mkia ukutani. Wote wawili wanasomeka kwa shida, sikatai, ila slaidi nyeupe yenye rangi dhaifu inakukera tangu ukiwa sebuleni kwako na unairekebisha, wakati slaidi nyeusi inakuchekea mpaka siku ya siku. Ukitaka kuikamata mapema beba laptop hadi barazani mchana, punguza mwanga wa skrini mpaka kama robo, rudi nyuma hatua kadhaa. Kisichosomeka hapo usikipeleke.

Mtindo wa slaidi nyeusi umetoka wapi basi? Kwa kifupi, umetoka gizani. Kabla ya projekta za kompyuta kulikuwa na njia mbili, karatasi za plastiki zinazowekwa juu ya projekta ya taa na kutazamwa taa za chumba zikiwa zinawaka, na filamu ndogo za milimita 35 zilizotazamwa chumba kikiwa giza. Zile za plastiki zilikuwa wazi na maandishi meusi, zile za filamu zilipenda bluu nzito na maandishi meupe au ya njano. PowerPoint ilipotoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, kwa ajili ya plastiki, rangi na slaidi za filamu zikaja toleo la 1988. Baadaye vyote vikaingia kwenye projekta moja na watu wakabaki na mitindo yote miwili bila yale masharti ya taa. Halafu akaja Steve Jobs na maonyesho yake ya Apple, jukwaa lina giza, slaidi ina giza, neno moja linang'aa, dunia nzima ikaiga slaidi na kusahau giza.

Sasa kwanini nasema slaidi ya kwanza hasa, na sio ya tano? Kwa sababu slaidi ya kwanza huwa inakaa ukutani kwenye mwanga mbaya kuliko zote. Ya tano inakuta mtu ameshazima taa za mbele na mapazia yamevutwa. Ya kwanza iko pale watu wakiingia, maiki ikijaribiwa, moja mbili moja mbili, mgeni rasmi hajafika, amefika, anasalimia meza kuu, MC anakutambulisha, itifaki inazingatiwa, na wewe hujasema neno. Kwetu huku inaweza kukaa muda mrefu kuliko slaidi nyingine zote zikijumlishwa. Kwa maana hiyo ule ushauri maarufu kwamba slaidi ya kwanza ina sekunde nane tu kwa sababu binadamu siku hizi ana umakini mfupi kuliko samaki wa mapambo haukai sawa mara mbili. Kwanza watu wanaitazama kwa dakika, hawana kingine cha kutazama. Pili hizo sekunde nane zilisambaa kupitia ripoti ya Microsoft Canada ya 2015, ambayo ilizichukua kwenye tovuti ya takwimu, na waandishi waliofuatilia baadaye hawakukuta utafiti wowote chini yake, si wa binadamu si wa samaki. Zipo tafiti halali za mwonekano wa kwanza, ile ya Willis na Todorov ya 2006 ilionyesha mtu anaiamua sura ya mwenzake ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, lakini hizo zilikuwa picha za nyuso, hazikuwa slaidi.

Ukishakubali kwamba slaidi ya kwanza inasomwa kimya kimya na watu wanaosubiri, mambo mengine yanajipanga. Inatakiwa imwambie aliyeingia kwamba hiki ndo chumba chenyewe, mada ni hii, anaongea fulani kutoka mahali fulani. "Taarifa ya Mradi wa Maji, Awamu ya Pili" haimwambii mtu kitu asichokijua, ameshaisoma kwenye barua ya mwaliko. "Pampu zinaharibika kiangazi kwa sababu vipuri viko mkoani" inampa cha kunong'ona na jirani yake. Michael Alley na wenzake mwaka 2006 walionyesha wanafunzi wanakumbuka zaidi pale kichwa cha slaidi kinapokuwa sentensi kamili yenye dai, japo walipima slaidi za ndani, na kwenye ya kwanza ofisi nyingi zinalazimisha jina rasmi la mradi. Liweke dogo chini ya sentensi, hakuna atakayekufukuza kazi. Nadhani.

Logo sita za wafadhili zinaleta kesi yake. Projekta nyingi za bei nafuu za aina ya DLP zina kigurudumu cha rangi chenye kipande cheupe, kinachoongeza mwangaza wa nyeupe peke yake, kwa hiyo ukiweka logo nyekundu katikati ya nyeupe inatoka kama damu ya juzi. Mfadhili ataona, na atakuuliza.

Ukubwa wa herufi watengeneza mabango wana kanuni ya kienyeji, kama sentimita 2.5 za kimo cha herufi kubwa kwa kila mita 3 za umbali. Aliyeko mita 12 anataka sentimita 10, na kwa picha yetu ya urefu wa mita 1.5 hiyo ni kama fonti ya 50. Jina lako usilipeleke chini kabisa, kumbi zetu nyingi ni tambarare, theluthi ya chini ya ukuta ni ya vichwa vya watu na maua ya meza kuu.

Ukianza kuongea ipite haraka. Mtu hawezi kuacha kusoma maandishi yaliyo mbele yake, na kusoma kunatumia sauti ile ile ya ndani anayoitumia kukusikiliza wewe, kwa hiyo slaidi yenye maneno mengi iliyokuwa rafiki yako wakati wa kusubiri inageuka mshindani ukifungua mdomo. Bonyeza B kwenye PowerPoint, skrini inazimika, wanakugeukia.

Haya yote ni ya projekta. Kwenye televisheni kubwa au skrini ya LED nyeusi inatoka kwenye kifaa chenyewe, ni nyeusi zaidi, na mtindo wa Jobs unakaa vizuri ilimradi kioo hakirudishi picha ya dirisha. Kwa hiyo kabla hujachagua rangi piga simu ukumbini uliza vitu viwili, ni projekta au ni skrini, na mapazia yanafungika? Ukijibiwa "usijali bosi, kila kitu kipo," tengeneza nyeupe.